"More better" imeniumbua. Tuelekezane namna ya kulinganisha vitu kwa Kiingereza

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam.

Juzi nimetuma barua ya kuomba kazi. Niliiandika usiku, nikaisoma mara tatu, nikaridhika, nikabonyeza. Asubuhi nikaifungua tena bila sababu yoyote, ile hamu tu ya kujisifia mwenyewe, macho yakatua mstari wa pili: "I am more better than most applicants in data entry." Masikio yaliwaka moto. Kinachoniuma ni kwamba sheria ninaijua. Niamshe saa nane za usiku nitakutajia good, better, best bila kufungua macho. Mkono ndio uliongeza hiyo more, na mimi nikaipitia mara tatu nikaiona iko sawa.

Nimekaa na hilo kosa nikilichokonoa, na nadhani nimejua linakotoka. Kiswahili hakigusi kivumishi kinapolinganisha. Mtu mrefu anabaki mrefu: mrefu kuliko mimi, mrefu zaidi, mrefu kupita wote. "-refu" itabadilika kufuata ngeli (mti mrefu, kamba ndefu), ila urefu uzidi au upungue, neno lenyewe halina habari. Kazi yote ya kupima inafanywa na maneno ya pembeni: kuliko, zaidi, kupita, kushinda.

Kiingereza kina milango miwili. Kwenye mmoja kipimo kinaingia ndani ya neno: tall, taller, tallest. Kwenye wa pili kipimo kinakaa nje kama chetu: careful, more careful, most careful. Neno likishapita mlango mmoja limeshapita. Sasa sisi tuliozoea kipimo cha nje, tukiliona better tunaliona ni "bora" tu, neno ambalo bado halijapimwa, basi tunalipachikia zaidi yetu. Kumbe better yenyewe ni "bora zaidi". More better ni "bora zaidi zaidi".

Naweka nilivyojipangia, wajuzi mnisahihishe.

Neno la silabi moja linachukua -er na -est: short, shorter, shortest. Likiisha na e linaongezewa r au st tu: nice, nicer, nicest. Likiisha na konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, konsonanti inarudiwa: big, bigger, biggest; hot, hotter, hottest. Clean hairudiwi kwa sababu ina irabu mbili, tunaandika cleaner. New nayo hairudiwi, w haina tabia hiyo.

La silabi mbili lenye y mwishoni linageuza y kuwa i: happy, happier, happiest. Kuanzia silabi tatu ni more na most, hakuna mjadala: more expensive, the most dangerous. Tabu iko kwa haya ya silabi mbili yasiyo na y. Mengi yanataka more (more careful, more famous), lakini mengine yanakubali kote kote: narrow, simple, clever, quiet, polite. Narrower sawa, more narrow sawa. Hapo mimi huwa nasikiliza tu sikio langu, na sikio langu ndilo hilo lililoniambia more better, kwa hiyo mnaelewa hali yangu.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini watu wanasema unhappier wakati hapo kuna silabi tatu? Na fun ni silabi moja, mbona sioni funner vitabuni?

#2 mpita_njia

Nimechukua siti ya mbele. Mkuu, hiyo barua wamekujibu?

#3 Kalamu Nyeusi

Bado. Na sitaki wajibu leo, acha kwanza nipone.

#4 Fundi Sentensi

Mleta mada, umeliweka vizuri. Nianze na maswali yako.

Unhappy ni happy iliyovishwa kofia ya un-. Kipimo kinaangalia kilicho chini ya kofia. Happy inakwenda happier, basi unhappy inakwenda unhappier. Vivyo hivyo untidy, untidier, unlucky, unluckier. Kuhesabu silabi ni msaada, ila usilifanye jambo la kufa na kupona.

Fun ilianza maisha kama nomino, "burudani", na uvumishi imeupata ukubwani. Nomino haina -er, inaongezewa more kama kitu chochote cha kuhesabu au kupima: more time, more fun. Tabia hiyo imebaki nayo. Funner utaisikia mitaani kwao, ila usiipeleke kwenye barua ya kazi, umeshapata msala mmoja unatosha.

Kuna maneno mengine mafupi yanayokataa -er: real, right, wrong. Huwezi kusema wronger, sema more wrong, ingawa hata hiyo watu huikwepa. Halafu kuna yale yaliyotoka kwenye vitenzi: tired, bored, lost, worn. Hayo yote ni more tired, more bored. Nimeshaona mtu kaandika "I am boreder" akijitetea kwamba ni silabi moja.

Ila nikwambie kitu. More better inajulikana sana kwa sababu inachekesha. Kosa linalotutafuna zaidi ni la upande wa pili, kuliacha neno uchi kabisa: "My brother is tall than me." Hiyo ni "kaka yangu ni mrefu kuliko mimi" iliyohamishwa neno kwa neno. Kwetu kuliko inabeba mzigo wote peke yake. Than haibebi kitu. Than ni daraja tu la kufika kwa yule unayelinganishwa naye, kipimo lazima kiwe kimeshakaa kabla hujafika darajani: taller than, more careful than. Ukifika kwenye than huku neno halina -er wala more mbele yake, rudi nyuma.

Na than si then. Zamani yalikuwa neno moja, yakaachana njia, na sasa kuyachanganya ni kosa hata kama hao wenyewe nao wanayachanganya kila siku.

#5 Kichwa Ngumu

Mimi napinga kidogo. Mnamsulubu mleta mada bure. Shakespeare mwenyewe kaandika "the most unkindest cut of all". Most na -est kwenye neno moja, tena mbele ya umati. Huyo mbona hamkumnyima kazi?

#6 binti_kamusi

Kaka, hapo umeleta hoja, ngoja nikujibu kwa heshima yake.

Ni kweli, iko kwenye Julius Caesar, Antony anapowaonyesha watu jeraha alilotiwa Kaisari na Brutus. Na si hapo tu, enzi zile hata worser ilikuwa neno la watu wazima. Kiingereza cha wakati ule kiliruhusu kipimo mara mbili kwa ajili ya kukazia, na msikilizaji hakushtuka. Waliokuja kukifunga huo mlango ni wanasarufi wa karne ya 18, waliosema kipimo kimoja kinatosha. Tangu hapo more na -er zikikutana kwenye neno moja msomaji anaona mwandishi hajui, haoni kwamba anakazia. Kwa hiyo Shakespeare hakukosea, na mleta mada amekosea, na wote wawili wamefanya kitu kilekile. Lugha ndivyo ilivyo.

Kipimo mara mbili kimoja kilinusurika mpaka leo na hakuna anayekisema: lesser. Less tayari ni kulinganisha, wakaibandika -er tena, ikabaki. The lesser of two evils. Ndiyo ile yetu ya heri nusu ya shari kuliko shari kamili.

Halafu kabla hatujawacheka wenye more better, tujiangalie. Afadhali imetoka kwenye Kiarabu, afdhal, na kule ni neno lililokwisha kupimwa: maana yake "bora zaidi". Sisi tumeichukua ikiwa imeshapimwa, na bado tunasema "afadhali zaidi". Ukitaka kuwa mkali hiyo ni more better ya Kiswahili, na hakuna mtu amewahi kunisahihisha.

Hizo better na worse nazo zina kisa chao. Good haikuizaa better. Ni maneno ya mizizi tofauti kabisa yaliyokuja kuishi nyumba moja, na bad na worse hivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna kanuni ya kukufikisha kutoka moja hadi nyingine, unakariri tu. Watoto wadogo wa Kiingereza husema gooder na badder kabla hawajasahihishwa, kwa sababu wao wanafuata kanuni na lugha haifuati.

#7 Kichwa Ngumu

Dada umenikalisha. Hiyo ya afadhali nitaitembeza.

Lakini naomba niulize moja tu ya mwisho. Katiba ya Marekani, 1787, utangulizi wake unasema "a more perfect Union". Kilichokamilika kinakamilikaje zaidi?

#8 Fundi Sentensi

Wewe jina lako halikukosewa.

Perfect, unique, dead, impossible, haya ni maneno ya ndiyo au hapana. Kitu kimekufa au hakijafa. Kwa kufuata mantiki hayapimiki. Kwenye matumizi watu huyapima wakiwa na maana ya "karibu zaidi na ukamilifu", na hao wa 1787 ndicho walichomaanisha. Perfect inasameheka. Unique, mhariri makini ataikata more iliyo mbele yake bila kukuuliza. Mimi kwenye maandishi rasmi naandika almost unique au nearly perfect, nalala usingizi.

#9 Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kimya kimya tangu juu, naona mmetulia kwenye umbo la neno. Umbo ndilo rahisi. Miaka yote ninayosahihisha madaftari, wanafunzi hushika taller na tallest mapema tu. Kinachobaki kinawasumbua mpaka ukubwani ni kile kinacholizunguka neno.

Chukua sentensi hii: "Everest is higher than any mountain in the world." Umbo halina kasoro. Soma tena polepole. Everest ni mlima, uko duniani, kwa hiyo sentensi inadai Everest ni mrefu kuliko Everest. Inatakiwa any other mountain. Kiswahili hakitubani hapo. Tukisema "kuliko mlima wowote" kila mtu anaelewa mwingine wowote. Kiingereza cha kuandika kinataka ukitoe kwanza kwenye kundi kitu unachokisifia ndipo ukilinganishe na waliobaki. Ukitumia -est mambo yanageuka: hapo lazima kiwemo ndani ya kundi. The highest mountain in the world. The highest of all mountains. Anayesema "the highest of all other mountains" amekitoa halafu anadai kinaongoza kundi ambalo hakimo.

Angalieni pia in na of. Mahali au kundi huwa in: the longest river in Africa, the youngest student in the class. Idadi huwa of: the youngest of the three. Sisi tuna "kuliko wote", ndiyo maana madaftari yamejaa "the youngest than all". Than na -est hazikai chumba kimoja. Kama unataka than, shusha neno liwe younger.

La pili ambalo nimelichoka: one of the. "Saturn is one of the largest planet." Hapana. Ni mojawapo ya wengi, kwa hiyo nomino ni wingi: one of the largest planets. Tena hili halina kisingizio, kwa sababu Kiswahili nacho kinataka wingi, hatusemi "mojawapo ya mti mkubwa". Ni haraka tu ya mkono, inafika kwenye largest inasahau ilikoanzia.

The. Tunafundishwa kwamba -est haitembei bila the, na kwa anayeanza ifuate hivyo hivyo. Ila kuna mahali the inaanguka na ukiirudisha unabadilisha maana. Baikal ni ziwa lenye kina kikubwa kuliko yote duniani, mita 1,642. Nikisema "Baikal is the deepest lake in the world" nimelilinganisha na maziwa mengine. Nikiwa ndani ya mashua nikakuonyesha kidole, "the lake is deepest here", sijalinganisha na ziwa lolote. Nimelinganisha ziwa na lenyewe, sehemu kwa sehemu. Hapo the haiingii. Vivyo hivyo "she is happiest when she is alone", yeye wa saa hizi na yeye wa saa nyingine.

Na very better, jamani. Tunaitoa kwenye "bora sana". Very inakaa na neno ambalo halijapimwa: very good. Likishapimwa anayelisindikiza ni much, far, a lot, a bit, slightly, even. Much better. Slightly taller. Kwenye kilele tunasema by far the best.

#10 mpita_njia

Mwalimu, hiyo ya "Everest kuliko Everest" nimeisoma mara nne ndipo nikaiona. Nimeshaandika hivyo maisha yangu yote.

#11 Jicho la Tatu

Samahani wakuu, swali la kizembe. "She is elder than me." Nimesahihishwa juzi na sikupewa sababu.

#12 binti_kamusi

Si la kizembe. Elder na eldest zinabaki kwenye ukoo na zinapenda kukaa mbele ya nomino: my elder sister, their eldest son. Hazipokei than. Ukitaka than, older: she is older than me. Older inakwenda na watu, majengo, miti na kila kitu, kwa hiyo ukiwa na shaka shika older.

Usiseme pia "older than me with two years". Ni by two years, au two years older than me. "Kwa miaka miwili" yetu ndiyo inatuingiza kwenye with.

Na kabla mtu hajaja kutuambia ni lazima iwe than I: zote mbili zinaandikwa. Than me ni ya mazungumzo, than I am ni ya suti na tai. Kinachohitaji uangalifu ni sentensi kama "she likes you more than me". Anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, au kuliko mimi ninavyokupenda? Kiswahili kina mtego uleule, "anakupenda kuliko mimi", na watu wameshagombana. Malizia kitenzi: more than I do, au more than she likes me.

#13 Jicho la Tatu

Asante dada. Na senior, ni senior than au senior to?

#14 Fundi Sentensi

Senior to. Haya ni maneno ya Kilatini: senior, junior, superior, inferior. Kule yalikuwa yameshapimwa, senior ni "mzee zaidi", na Kiingereza kikayapokea na to badala ya than. Inferior to, superior to. Prefer nayo imo kwenye msafara huo ingawa ni kitenzi: I prefer reading to writing, si than writing.

Ajabu ni kwamba senior imeshasahau asili yake kiasi kwamba more senior inakubalika kabisa maofisini. More superior bado inaumiza masikio. Mantiki hapo usiitafute, hutaipata.

#15 Sauti ya Pwani

Mimi sina sarufi nyingi, ila nina la matamshi, na hili Waswahili tumebarikiwa kuliko mataifa mengi.

Chukua long. Mwisho wake ni sauti ya ng'ombe: long'. Hakuna g inayosikika. Sasa ongeza -er. Wengi wetu, na wageni wengi wa Kiingereza, wanatamka long'a. Si hivyo. Ukiongeza -er, g iliyokuwa imelala inaamka, na ng inakuwa ya ngoma: longa. Strong ni strong', lakini stronger ni stronga. Young ni yang', younger ni yanga. Na -est hivyo hivyo: longest, strongest, youngest, zote ng ya ngoma.

Maneno yenyewe ni hayo matatu tu yanayofanya hivyo. Sing ikizaa singer g hailali wala haiamki, haimo tangu mwanzo: sing'a, kama ng'ombe. Kwa hiyo singer na longer zinafanana kwa macho tu. Kuna sehemu za Uingereza wanaotamka g kote, ila matamshi ya kwenye kamusi ni haya.

Jirani yangu mgeni asiye na Kiswahili ilibidi aelezwe jambo hili kwa michoro ya ulimi. Mimi mwalimu alisema tu "ng'ombe, ngoma", darasa likaisha.

#16 Kichwa Ngumu

Ng'ombe, ngoma. Nimesema kwa sauti hapa nilipo, watu wamegeuka.

#17 Mtu wa Takwimu

Nichomekee la namba, maana ndilo linaniudhi kwenye ripoti. "Three times bigger than" na "three times as big as". Ya pili ina maana moja: kama kile ni 10, hiki ni 30. Ya kwanza wapo wanaoisoma 30, na wapo wanaoisoma kwamba kimezidi kwa mara tatu, yaani 40. Wengi wanamaanisha 30, ila kwenye ripoti sitaki "wengi". Andika as big as uishi kwa amani. Na ni as tall as, si as tall like.

Na fewer na less: fewer kwa vinavyohesabika, less kwa visivyohesabika. Fewer errors, less time.

#18 Jicho la Tatu

Less tunaweza kuitumia kama kinyume cha more kwenye kila neno? Less tall?

#19 binti_kamusi

Kwenye maneno marefu vizuri tu: less expensive, less dangerous. Kwenye mafupi inasikika kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Less tall hakuna atakayekufunga, ila mwenye lugha atasema shorter, au not as tall as. Na hakuna kiambishi cha kushusha, -er na -est zinapandisha tu. Kushuka unategemea less na least pekee.

#20 Mwalimu wa Zamu

Nimekumbuka mbili, naziweka nikalale.

"Kadiri unavyosoma ndivyo inavyokuwa rahisi." The more you read, the easier it becomes. Pande zote mbili zinataka the, na pande zote mbili zinataka neno lililopimwa. Wanafunzi wangu huandika "the more you read, it becomes easy", upande wa kwanza umepanda ngazi, wa pili umebaki chini.

Na vielezi. Vyenye -ly vinachukua more: more carefully, more slowly. Fast na hard havina -ly ya kujivunia, vinakwenda faster, harder. Early inaishia na -ly lakini nayo inafuata msafara huo: earlier. Quicker mtaisikia sana kama kielezi, "he runs quicker", kwenye mtihani mimi nataka more quickly.

#21 Kalamu Nyeusi

Wakuu, nimeshiba. Nimerudi kwenye ile sentensi yangu nikaitengeneza upya, maana kuna tangazo lingine nimeliona na nataka kutuma tena. Naomba muikague kabla sijabonyeza:

"I am better than most other applicants in data entry."

More imetoka, other imeingia kwa hisani ya Mwalimu.

#22 Mwalimu wa Zamu

Sarufi safi. Other sikuidai hapo, ila haidhuru. In data entry isogeze, iwe at data entry: better at.

Sasa nikuulize kama mtu anayesoma barua hiyo. Hao waombaji wengine umewaona wapi?

#23 Kalamu Nyeusi

Sijawaona.

#24 binti_kamusi

Hapo ndipo ilipo. Umehangaika na better siku tatu, na upande wa pili wa than kuna watu usiowajua. Linganisha na unachokijua, au usilinganishe. Unaandika maneno mangapi kwa dakika?

#25 Kalamu Nyeusi

Sitini. Mwaka jana nilikuwa arobaini.

#26 binti_kamusi

"I type 60 words a minute, 20 more than a year ago, and I make few errors." Hapo kuna more moja, iko mahali pake, na hujamgusa mtu.

#27 Kichwa Ngumu

Few au fewer?

#28 Mtu wa Takwimu

Fewer kuliko nani?

#29 Kichwa Ngumu

Haya, few.

#30 Kalamu Nyeusi

Nimetuma.